Bampa la Mbele, Bampa la Nyuma

Nguvumali, Tanga
11 Januari 1987

Mama Khairiya,

Assalaam alaykum. Huku ni salama, na salama ndiyo ninayokuombea huko Ushongo, wewe na watoto.

Landrova imefika. Nimeitoa shamba la mkonge ikivutwa na trekta, na mtaa mzima umetoka nje kuitazama. Miaka kumi na minne nimeiendesha ikiwa mali ya shamba, leo kadi ina jina langu, Idarusi Massoud. Injini nzima, chesisi nzima. Kasoro ni moja tu, haina bampa mbele wala nyuma. Yalikatwa mwaka themanini na mbili, wakati majembe hayaonekani dukani, shamba wakayafua yakawa majembe.

Fundi wa kuchomelea nimempata, anaitwa Rafaeli, karakana yake ni nyumba ya tatu kutoka kwa Nasra. Chuma pia nimepata, vipande vya reli za vile vitoroli vya kubebea mkonge. Bampa la reli, Mama Khairiya! Ng'ombe akiligonga, ng'ombe ndiye atakayejuta.

Sasa nisikilize vizuri. Unanijua, mimi ni mtu wa haki. Nina wake wawili na hakuna anayeweza kusimama akasema nimempunja. Siku saba kwako, siku saba kwa Nasra. Doti ya kanga kwako, doti ya kanga kwa Nasra, hata miaka ile ya foleni. Mume anayeegemea upande mmoja atafika Kiyama ameinama, na mimi sitaki kufika nimeinama. Kwa hiyo na gari nimeligawa. Bampa la mbele ni lako, kwa kuwa wewe ndiye mkubwa. La nyuma ni la Nasra. Kila mmoja achague anachotaka kiwekwe kwenye lake, na nitakachomwekea mmoja, mwenzake atapata cha kulingana nacho. Asipoomba mtu, sigusi bampa lake.

Siku hizi serikali imefungua biashara, mtu binafsi anapewa leseni ya abiria bila kuzungushwa sana. Njia bado sijaamua. Ama nivuke pantoni hapo Pangani niende Mwera na Mkwaja, ama nifanye lami ya Muheza. Itategemea gari litakavyotengenezwa.

Mumeo,
Idarusi

*

Ushongo
19 Januari 1987

Baba Khairiya,

Waalaykumu salaam. Barua yako imeletwa na mke wa imamu aliyekuwa huko hospitalini. Nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili sikucheka.

Karakana ni nyumba ya tatu kutoka kwa Nasra. Tanga nzima hakuna fundi mwingine? Ngamiani hakuna? Chumbageni hakuna anayejua kuchomelea? Siku zangu saba zimeingia na zimetoka, wewe unasema ulikuwa unatafuta chuma. Chuma umekipata. Mume mimi sijampata.

Nakwambia ninachoogopa, usije ukasema sikusema. Gari likifanya kazi njia ya Mwera, utalala Ushongo. Likifanya kazi lami ya Muheza, utalala Nguvumali, na huku utakuja kusalimia kama mgeni, unapewa maji ya kunywa na kiti cha wageni. Wewe unadhani unachagua bampa, Baba Khairiya. Unachagua nyumba ya kulala, na unataka sisi tukuchagulie ili baadaye usilaumiwe.

Haya, umeniuliza, nakujibu. Bampa langu liwe la tope. Liinuliwe juu lisikusanye udongo. Liwe na ndoano mbili nene za kuvutia, moja kila upande, na zishikwe mpaka kwenye chesisi. Nimeona kwa macho yangu hapo Mwera gari lililovutwa kwa bampa tupu. Gari lilibaki palepale, bampa ndilo lililokwenda. Na mbele ya rejeta weka ngao, kwa ajili ya visiki.

Nasra ameomba nini? Niambie yote, usinifiche hata kidogo.

Mkeo,
Asmahani

*

Nguvumali, Tanga
27 Januari 1987

Mama Khairiya,

Umesema nisifiche, na mimi si mtu wa kuficha.

Rafaeli amefurahi sana na mawazo yako, hasa hilo la kushika ndoano kwenye chesisi. Ameniuliza kama mke wangu alisomea ufundi. Nikamwambia amesomea matope.

Nasra yeye ameomba kipandio. Gari liko juu, na mwanamke aliyevaa buibui hawezi kupanda mpaka akunje nguo, au ashikwe mkono na utingo, na hilo hataki, na mimi pia sitaki. Alikuja mwenyewe karakana. Rafaeli akamwambia anyanyue mguu mpaka pale anapoweza bila taabu, mimi nikashika tepu. Inchi kumi na tano. Tukachora mstari kwa chaki ukutani. Kisha tukaona labda ni juu kidogo, akanyanyua tena, tukafanya kumi na nne. Rafaeli anasema kipandio kikipimwa kwa mguu wa mtu hakikosei kamwe.

Ili mlingane, kwa kuwa wewe una ndoano mbili na ngao, yeye ataongezewa taa mbili nyekundu na kishikio cha dumu. Kila kitu nimekipima. Natumaini umeridhika.

Mumeo,
Idarusi

*

Ushongo
5 Februari 1987

Baba Khairiya,

Barua nzima ni habari ya mguu. Mguu umenyanyuliwa, mguu umepimwa, mguu umerudiwa. Umeshika tepu! Mkono ulioandika barua hii si ndio uliokuwa umeshika tepu?

Mimi bampa langu limepimwa kwa mguu wa nani? Miaka kumi na saba niko kwako. Nimekupikia kwenye nyumba ya makuti inayovuja, nimekupangia foleni ya sabuni nikiwa na mimba ya Khairiya, na hata siku moja hujawahi kushika tepu kupima chochote cha mwilini mwangu. Hata kwa fundi cherehani huwa nakwenda peke yangu.

Nina wivu. Andika, muoneshe na huyo Rafaeli, sioni haya. Kila gari lile litakaposimama watu watakanyaga kipandio chenye kipimo cha mguu wa Nasra, na mimi nitapanda humohumo nikanyage palepale. Sikubali.

Umesema mmoja akipata, mwenzake lazima apate cha kulingana. Ni vizuri sana. Basi mimi sitaki kitu. Ondoa ndoano, ondoa ngao. Bampa langu liwe kipande cha reli kitupu, na kwa haki yako hiyo unayojisifia, la mwenzangu nalo liwe hivyohivyo. Kipandio hakuna, taa hakuna, dumu hakuna. Nataka nione utakavyopinda.

Asmahani

*

Nguvumali, Tanga
14 Februari 1987

Mama Khairiya,

Nimepokea. Sikupinda.

Rafaeli alikuwa ameshazitengeneza ndoano zako, sasa amezitupa kwenye pipa la vyuma chakavu huku anatikisa kichwa. Nilipomweleza Nasra, alimaliza kwanza kukunja nguo. Kisha akasema hata yeye hataki kitu, asije akaambiwa amemzidi mkubwa wake. Mstari wa chaki bado uko ukutani.

Gari sasa lina reli moja mbele na reli moja nyuma. Watu wanauliza kama ninatengeneza treni. Leseni ikitoka nitajaribu njia ya Mwera kwanza, kwa sababu nilikuahidi siku zako.

Idarusi

*

Nguvumali, Tanga
16 Aprili 1987

Mama Khairiya,

Najua umesikia, kwa kuwa Ushongo nzima imesikia. Lakini ni bora usikie kwangu.

Tulivuka pantoni Jumanne asubuhi, abiria tisa, magunia ya unga, na kile kitanda cha Khairiya ulichoagiza. Mvua haikutuonea huruma. Kabla ya njia panda ya kuja kwenu gari likazama mpaka kwenye ekseli. Watu wema walikuja na kamba nene ya katani, wakauliza, "Tufunge wapi?" Nikatazama mbele, reli laini. Nikatazama nyuma, reli laini. Kamba inateleza kama sabuni. Wakafunga kwenye ekseli, wakavuta, wakang'oa mpira wa breki. Siku mbili tumekaa hapo. Abiria waliondoka kwa miguu na unga wao kichwani. Trekta lililonitoa lilinivuta kuelekea Pangani, si kuelekea kwako.

Najua utauliza kwa nini sikutembea kuja nyumbani, mwendo wa saa mbili. Niliona aibu. Mke aliniambia kuhusu ndoano mwezi wa kwanza, mwezi wa nne nije kwake na matope mpaka kifuani nimweleze kwamba hazipo?

Njia yenu siiwezi. Nitafanya lami ya Muheza mpaka masika yaishe, na kama biashara itakuwa nzuri, pengine nitaendelea hukohuko. Siku zako nitazifidia nikipata nafasi. Usiniambie niweke ndoano sasa. Mbele peke yake haisaidii, gari linapozama mara nyingi huvutwa kwa nyuma, na nyuma si pako. Nasra hajaomba kitu, na mimi sitaligusa bampa lake bila yeye kuomba.

Kitanda nimekiacha kwa mlinzi wa pantoni.

Idarusi

*

Ushongo
25 Aprili 1987

Nasra,

Hii ni mara ya kwanza nakuandikia tangu uolewe, na usidhani ni rahisi. Karatasi ya kwanza nilichana.

Sitajifanya nakupenda. Wewe ni mke mwenzangu, na siku uliyoingia mimi nililala na homa siku tatu, homa ambayo haikuwa malaria. Lakini nina jambo, na kwa sheria za mume wetu ni wewe tu unayeweza kulifanya.

Omba ndoano mbili za kuvutia kwenye bampa lako la nyuma. Mimi nitaomba mbili kwenye la mbele. Bila hizo gari halifiki huku, na lisipofika gari, yeye hafiki. Watoto wameanza kumtaja kama mtu wa zamani. Khairiya amelala kwenye kitanda kipya, asubuhi akaniuliza kama hicho ndicho baba atakachokuwa anatuletea badala ya kuja mwenyewe.

Najua ninachokuomba. Nakuomba unirudishie siku zangu kwa mkono wako mwenyewe. Na najua ni mimi niliyekukosesha kipandio chako. Nilikuwa na hasira, na hasira ile ilikuwa ya kijinga, imenirudia mwenyewe. Ukikataa sitakulaumu, ila nitaumia.

Asmahani

*

Nguvumali, Tanga
6 Mei 1987

Dada Asmahani,

Shikamoo. Ramadhani njema kwako na kwa watoto.

Barua yako nimeificha kwenye mtungi wa mchele. Nimekaa nayo siku nne nikitaka kukujibu vibaya. Dada, unasema ulilala na homa. Mimi je? Miaka sita kila nikipika samaki ananiambia, "Mkubwa wako hutia ukwaju." Kila nikikunja nguo ananiambia unavyokunja wewe. Bampa la mbele ni lako, mkubwa ni wewe, gari likija linaonekana uso wako kwanza, na mimi ndiye wa moshi na vumbi. Nilipoombwa kuchagua nilichagua kipandio kwa sababu utingo alinishika kiuno siku moja nikipanda gari la watu, nikaona haya hadi leo. Sikuwa natafuta kupimwa mguu. Siku ile karakana nilitamani ardhi inimeze.

Sasa nipo naye kila siku. Ungedhani nafurahi. Anatoka Muheza, anakula, anakaa barazani anatazama upande wa Pangani, ukimwuliza anasema anatazama mawingu. Siku saba zako zikiwa zako, siku zangu saba zilikuwa zangu kweli. Siku hizi ninazo zote na sina hata moja.

Nitaomba ndoano. Sharti langu ni moja, kipandio kirudi. Na kwa kuwa kipandio kitataka cha kulingana nacho upande wako, wewe uombe kitu. Ukikaa tena na reli yako tupu, nitajua umenichezea.

Mdogo wako,
Nasra

*

Ushongo
15 Mei 1987

Nasra,

Marahaba. Sharti nimelipokea. Kulingana na kipandio chako nitaomba taa moja kubwa ya ukungu, maana asubuhi za huku hazina adabu. Ngao ya rejeta nimeisamehe, tusije tukaanza tena kuhesabiana.

Ila sikiliza, wewe ni mtu wa lami, huijui pantoni. Kipandio cha inchi kumi na nne kikichomelewa moja kwa moja, siku ya kwanza gari linaposhuka kwenye mlango wa pantoni kitakwangua, kisha kitapinda, kisha kitang'oka, nawe utasema nimekifanyia uchawi. Mwambie Rafaeli akiweke kwenye bawaba, na mnyororo wa kukiinua. Gari likiwa mjini kinashuka, likivuka kinapanda juu. Mnyororo uvishwe ngozi, usipige kelele njia nzima.

Nimekupa shauri hilo huku nauma meno, ujue hivyo.

Usimwambie kwamba tunaandikiana. Kila mmoja aombe peke yake, kwa siku tofauti. Mimi nitaanza kwa kumlalamikia, hatashangaa.

Asmahani

*

Nguvumali, Tanga
24 Juni 1987

Wake zangu,

Barua hii nimeiandika mara mbili, neno kwa neno, moja ya Ushongo na moja ya kumkabidhi Nasra mkononi, ili asiwepo atakayesema mwenzake ameambiwa zaidi.

Nimefikiri sana mwezi huu, na nimepata ufumbuzi peke yangu. Bampa la mbele litakuwa na ndoano mbili na taa ya ukungu. La nyuma litakuwa na ndoano mbili na kipandio. Kipandio nimebuni kiwe cha bawaba, kiweze kuinuliwa kwa mnyororo wakati wa kuvuka pantoni. Rafaeli ameniambia wazo hilo la bawaba halijawahi kumjia mteja yeyote. Nilimjibu kwamba mtu ukitulia na kuwa mwadilifu, mawazo huja.

Nimefurahi pia kwamba nyote wawili, bila kujuana, mmeomba vitu vinavyolingana. Hiyo ndiyo faida ya haki ndani ya nyumba.

Wiki ijayo naanza njia ya Mwera.

Mume wenu,
Idarusi

*

Ushongo
9 Julai 1987

Mdogo wangu Nasra,

Amefika. Siku saba kamili, hakukwama, na alipozama kidogo karibu na Mwera walifunga kamba kwenye ndoano zako wakamtoa kabla hajamaliza kulalamika. Ametuhadithia habari ya bawaba mara nne. Nimemsikiliza mara zote nne, nimemwambia mashallah.

Sikufichi. Kila asubuhi nilikiona kipandio chako uani kwangu kimeinuliwa, na roho bado ilinichoma. Siku ya tatu nilikishusha nikakanyaga. Ni kweli, kinafaa. Miguu yetu haipishani sana.

Jumatatu amerudi huko, ni siku zako. Nimekutilia ukwaju kwenye kichupa, anao huyo aliyekuletea barua hii. Usimwambie nimekupa, mpikie tu, aone kwamba na wewe unajua.

Asmahani

*

Nguvumali, Tanga
22 Julai 1987

Dada,

Shikamoo. Nimepika, amekula, amenyamaza. Raha yake sikuwahi kuipata.

Lakini kuna habari. Wapimaji wa barabara waliliona gari pantoni, wakalizunguka, wakapiga picha ndoano mbele na nyuma, wakachezea mnyororo wa kipandio kama watoto. Wamelikodi pamoja na dereva wake. Yaani yeye. Wanapima upande wa Handeni, na kambi yao iko Mkata. Ameondoka jana. Ameniambia mimi maneno yaleyale aliyokuandikia wewe: atakaa miezi miwili, na zamu zetu zote zitalipwa akirudi, bila kupunja.

Tumelitengeneza gari mpaka limeweza kutuacha sote wawili. Nimelia kidogo, kisha nikakasirika. Na wewe unalia?

Nasra

*

Mkata
23 Agosti 1987

Mama Khairiya,

Assalaam alaykum. Barua kama hii nimemwandikia na Nasra, neno kwa neno.

Mimi ni mzima kuliko nilivyokuwa. Kambi ya mahema imenishinda kwa mbu, nimepata chumba kwa Mzee Haji hapa Mkata, watu waungwana, na chakula si haba. Wapimaji wameongeza mkataba mpaka mwakani. Nilikuwa na nia ya kuja wiki iliyopita, lakini gari lilikuwa na kazi kwa fundi wa hapa.

Mbele pamekamilika na nyuma pamekamilika, kila mtu na pake. Nimeona ubavuni ndiko kumebaki wazi. Kwa hiyo naweka vyuma vya pembeni, kutoka tairi la mbele mpaka tairi la nyuma, vya kukinga miti na vya kukanyagia. Kutoka chini mpaka pa kukanyagia ni inchi kumi na mbili. Vitapakwa rangi ya kijani. Wewe na Nasra msijisumbue kuchagua, vimekwisha chaguliwa.

Haki ni ileile, sitampunja mtu.

Mumeo,
Idarusi

*

Nguvumali, Tanga
31 Agosti 1987

Dada,

Shikamoo. Najua unayo barua kama yangu. Soma pale aliposema vimekwisha chaguliwa. Hakusema na nani.

Inchi kumi na mbili, dada. Mguu huo ni mfupi kuliko wangu.

Nimemwuliza dereva wa lori anayepita Mkata kila wiki. Mzee Haji ana binti anaitwa Sabiha, aliachwa mwaka jana, ndiye anayewapikia wapimaji. Dereva anasema anapika vizuri na anapenda kijani. Sijalala vizuri tangu hapo. Niambie la kufanya, maana wewe ulishawahi kuletewa mwenzio na mimi sijawahi.

Nasra

*

Ushongo
6 Septemba 1987

Nasra mdogo wangu,

Miaka sita nimekuonea wivu wewe. Nilikuwa naamka nao, nafagia nao, napika nao, nimeuzoea kama mtoto wa mgongoni. Jana baada ya kusoma barua zote mbili nimeutafuta, nimeukuta umeshahamia Mkata, na huko umekuwa mkubwa kuliko ulivyokuwa kwako. Nimeuacha uji ukaungua.

Wewe nilikujua. Walikuja wazee, nikaambiwa, nikalia, ukaja. Huyu ameshikiwa tepu kabla hatujaulizwa. Na sasa gari ni moja, siku za wiki ni zilezile, na sisi tukikaa kimya tutakuwa tunasubiri zamu mpaka watoto waoe.

Hatukai kimya. Ijumaa nitavuka na pantoni ya kwanza, saa nne nitakuwa Tanga. Watoto nimemwachia mama. Nisubiri stendi, tupande basi la Mkata pamoja. Kabla hujatoka pita kwa Rafaeli, umwulize vyuma vya pembeni kwa kawaida huchomelewa au hufungwa kwa nati. Akisema nati, azima spana mbili, kubwa.

Vaa ile kanga aliyotununulia sare, na mimi nitavaa yangu. Na usile kitu asubuhi. Tutakula kwa Sabiha. Tukishashiba, tutamwambia sisi ni nani.

Dada yako,
Asmahani